Sisimizi Hawadanganyi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo nimeanza rasmi kazi ya utafiti. Miaka kumi na mmoja msaidizi wa maabara, zahanati ya Heru Juu, natafuta malaria kwenye vioo. Basi! Jumanne ijayo anapita Dk. Shadia, mtafiti wa kisukari kutoka Dar es Salaam. Ana mashine moja ya kupimia sukari. Ataiacha hapa tukimwonyesha kwamba ugonjwa upo. Tukishindwa, inakwenda Kibondo.

Haitakwenda. Mke wangu Winifrida alitibiwa malaria mara nne. Kumbe ilikuwa sukari. Tulijua akiwa ameshapoteza fahamu. Mwezi huu anatimiza mwaka kaburini.

Bwana Evaristi, mganga mfawidhi, amecheka. Kasema mtafiti gani huyu, hana hata dawa ya kupimia sukari kwenye mkojo, iliisha tangu Machi. Kisha kamaliza maji ya mtungi wa wagonjwa na kwenda chooni. Kuchota nimechota mimi. Kama kawaida.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia! Sisimizi. Mkojo wenye sukari huwaita. Kila mtu chupa moja, zinapangwa nyuma ya zahanati, nahesabu. Chupa ninazo: arobaini, ambazo Winifrida alikuwa akiuzia asali sokoni Kasulu. Kila moja ina karatasi yenye mwandiko wake, "Asali safi". Nimezipangusa vumbi tu. Maji yangefuta wino.

Ijumaa, 7 Juni

Upinzani. Mzee Ntirampeba kanisalimu vizuri, mwakeye, mwakeye, halafu kauliza nataka mkojo wake nikamfanyie nini kwa waganga wa kienyeji. Mama Aline kakubali, ila chupa niifuate asubuhi na mapema, mume wake asije akasoma "Asali safi" akaonja.

Nimepata ishirini na tisa. Ya thelathini ni ya Evaristi mwenyewe, ili anione nimeshindwa. Chupa yangu kaikataa. Kasema yeye hawezi kukojolea mwandiko wa shemeji. Kaleta chupa ya spiriti, aliyoichemsha pamoja na sindano. Maringo!

Jumamosi, 8 Juni

Thelathini kwa thelathini! Sisimizi hadi shingoni mwa chupa. Heru Juu nzima ina kisukari! Nilifurahi, nikaona aibu kufurahi, nikafurahi tena. Ripoti kurasa sita. Evaristi kasema basi tuzikwe wote siku moja, tubane matumizi ya mbao za majeneza. Kaenda chooni mara mbili kabla ya kufika ukurasa wa tatu.

Jumanne, 11 Juni

Dk. Shadia kasoma ripoti akiwa amesimama. Kasema yupo kwenye utafiti huu miaka kumi na tisa, hajaona kijiji cha namna hii. Nikajiweka wima. Kisha akachukua moja ya chupa tupu zilizobaki, akaingiza kidole, akalamba. Akauliza asali ya wapi. Nikasema ya Kagerankanda, daktari, nzuri sana. Nikajisikia nikisema.

Evaristi alicheka mpaka akashika ukuta. Dk. Shadia akaanza kufunga mkoba, mashine ndani. Nikasema subiri, moja haikuwa ya asali. Ile ya spiriti. Na sisimizi walijaa.

Evaristi kaacha kucheka. Kaombwa kidole. Mashine ikasoma ishirini na moja; kawaida haifiki nane. Daktari kamuuliza anakunywa maji kiasi gani. Nikajibu mimi: mtungi.

Winifrida naye alikuwa akiinuka kila mara na kikombe chake cha bluu kufuata maji, chakula kinapoa. Mtungi nimeuona kila siku, nami nahesabu safari zangu za kisimani tu.

Mashine imebaki.

Alhamisi, 13 Juni

Evaristi kaanza dawa. Ananiita Mtafiti, ila haniangalii. Maji anachota mwenyewe.

Sasa ni zamu ya kijiji cha Kagerankanda, na vijiti vya mashine ni hamsini tu. Sisimizi watachuja kwanza, mashine itathibitisha. Dk. Shadia kaniachia chupa mpya arobaini, zenye vifuniko, akarudia mara tatu: mkojo uingie humu tu. Mama mwema sana. Lazima nimpelekee zawadi. Nilikuwa na ndoo ya mwisho ya asali ya Winifrida, nikaimimina kwenye hizo chupa mpya. Zimependeza mno. Mkojo wa Kagerankanda utaingia kwenye zile za zamani.

Nimeshazipangusa vumbi. Naanza Jumatatu.