Duka la Mama Mkwe Halijafungwa

Jumatatu, 3 Machi
Safu yangu imechapishwa leo kwenye tovuti ya gazeti: buriani kwa duka la mikate la pale kona, limefungwa moja kwa moja. Nililia mwenyewe nikiandika! Saa nne, simu. Mama mkwe. Duka ni lake na hajalifunga. Lakini jana nilipita, mlango nimeuona umefungwa kwa macho yangu mawili! Kumbe Jumapili hupumzika. Mke wangu anauliza kwa nini sikumpigia mama yake. Nimpigie ili aniulize tena lini nitatafuta kazi ya maana?

Jumanne, 4 Machi
Mikate themanini imemlalia mama mkwe. Wateja wamesoma, wamesikitika, wamenunua kwingine. Sasa hapo kosa ni langu au lao? Shida ni kwamba kosa likitangazwa litakuwa la tatu mwaka huu, na kwa la tatu mtu hunyang'anywa safu. Nikaingia kimyakimya kwenye mtambo wa tovuti, "limefungwa moja kwa moja" nikaigeuza "lilifungwa Jumapili". Safi kabisa. Saa sita mhariri akaniita. Mtambo unaandika kila badiliko, saa yake na jina la aliyebadili. Yaani tunaajiriwa pamoja na mpelelezi! Akasema hapa kosa halifutwi kwa siri, linaandikwa juu ya habari ili msomaji aone tulipopotoka. Nina siku moja ya kuthibitisha nilichoandika.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata njia. Habari yangu si ya uongo, imewahi tu. Nimekwenda kwa mama mkwe kwa adabu zote, nikamwomba afunge nusu saa, nipige picha. Alikuwa anatia mikate ya juzi kwenye gunia, imekauka. Hakuinua uso.
"Mkwe wangu, anza wewe kufunga mdomo. Duka litafuata."
Nimeumbuliwa mbele ya wateja. Afadhali walikuwa wawili tu.

Alhamisi, 6 Machi
Masahihisho yametoka. Juu kabisa, herufi nene: mwandishi hakumuuliza mtu yeyote, duka liko wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tunamwomba radhi mwenye duka. Na jina langu! Safu amepewa binti anayeandika habari za michezo. Miaka sita ya jasho langu. Nimeumia, sifichi. Mke wangu kanitazama, kasema ningeuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni ya mikate imefika mlangoni kwa fundi cherehani wa jirani! Masahihisho yamesomwa kuliko safu yangu yoyote. Saa mbili mikate kwisha. Na mama mkwe kamshukuru nani? Mhariri! Bila mimi kumfunga, nani angemfungua? Shukrani ya punda ni mateke.
Fundi analalamika wiki nzima hajapata mteja. Nimemwonea huruma. Binti wa michezo naye anahangaika, hana cha kuandika Jumatatu. Nimemnong'oneza kwamba fundi anafunga duka. Akataka namba ya simu ya fundi. Nimemwambia asijisumbue, nimeshahakikisha mwenyewe.