Kijiti Cheusi cha Orest Hnatiuk

Jumatatu, 12 Januari
Nimekwisha! Profesa Sigurdson ametangaza mbele ya maabara nzima kwamba dawa yangu ya kuua bakteria sugu haitachapishwa mpaka mtu mwingine aitengeneze kwa mkono wake. Sifa yote ya kazi yangu ni kichocheo: natumia chuma, cha bei chee, badala ya paladi, madini yanayoshindana na dhahabu kwa bei. Na mtu mwingine huyo ni nani? Solange Beaudry! Mwenzangu wa maabara, anayesugua hata vifuniko vya kalamu. Akishindwa, kwaheri shahada ya udaktari, narudi kwetu Dauphin kuuza matrekta na baba. Na atashindwa. Mchanganyiko wangu hukubali tu nikiukoroga kwa kile kijiti cha sumaku, cheusi kama sufuria ya kuni, nilichorithi kwa watafiti waliotumia paladi hapa kabla yangu. Kwa kijiti kipya, patupu. Sijui kwa nini. Sitaki kujua.

Jumanne, 13 Januari
Baridi kali, magari yote ya Winnipeg yamechomekwa kwenye umeme yasigande. Mimi natoka jasho. Solange alipokwenda kunywa kahawa nikafungua droo yake, nikaweka kijiti changu, vyake vyote nikavitia mfukoni. Kichwa hiki! Mara huyo, karudi. Akauliza kama nimehamia humo drooni. Nikasema natafuta kalamu. Akasema iko sikioni kwangu. Nikaichomoa, nikaondoka.

Jumatano, 14 Januari
Mavuno asilimia themanini na tisa! Solange, huku akikinung'unikia kijiti pekee alichokikuta drooni, kapata sawa na mimi! Nikala sahani nzima ya pirogi za mama, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi. Kisha Profesa akataka arudie mara moja tu. Solange akasema haya, ila kwanza atakichemsha kijiti kwenye asidi, maana kwa uchafu ule hata mbwa wake hawezi kukitafuna.

Alhamisi, 15 Januari
Kijiti kimetoka cheupe kama jino la maziwa. Mchanganyiko: sifuri. Nikamwambia Solange ana mkosi. Alikuwa anaitazama ile asidi, imegeuka hudhurungi. Akatia tone lake kwenye mchanganyiko mpya usio na chuma hata chembe. Asilimia tisini na tano! Kumbe kazi yote ilifanywa na paladi iliyoganda kwenye kijiti, akatangaza, chuma cha Orest kilikuwa mtazamaji tu. Profesa ananiita kesho. Naogopa. Naogopa kweli.

Ijumaa, 16 Januari
Sikufukuzwa! Profesa akasema kosa hili limewaumbua wakubwa kuliko mimi. Nianze upya, vifaa vipya. Solange akauliza tu, taratibu, vijiti vyake viko wapi. Nikatoa leso nijifute jasho. Navyo vikatoka, vimeng'ang'ania funguo za gari. Ujanja mwingine mmoja, akasema Profesa, na nisirudi tena.

Jumatatu, 19 Januari
Nimepata! Siyo chuma, ni nikeli! Kijiti kipya kabisa, asilimia tisini na moja, jaribio la kwanza! Profesa nimeshamwambia. Chupa tu ndiyo kuukuu, nimeiokota kabatini, ina utando mweusi chini. Solange amepita na brashi yake, anauliza nani ana vyombo vichafu. Nimeikalia.