Kidari cha Baba Mkwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya baba mkwe. Na aliyenivua ana miaka minne!

Mnanijua. Darasa la saba sikumaliza, ila nyumba ya vigae hapa Shirimatunda nimeijenga mwenyewe. Mkwe alikuwa hajawahi kuikanyaga. Siku zote anasema binti yake kaolewa na mdomo. Leo kashuka kutoka kwake Mkuu aje aone kama na mimi ni mtu.

Nikachinja mbuzi. Kwetu nyama ya mbuzi haigawanywi ovyo, na kidari ni cha mkwe. Nikakichoma mwenyewe (kazi hiyo humwachii mtu). Nikaonja pembeni kama kimeiva. Nikaonja na katikati. Kuja kushtuka, nimeshika mfupa!

Neema, binti yangu, kasimama ananitazama. Wala sikuwa na wasiwasi. Huyu akicheza kujificha anajifunika uso kwa kanga, miguu yote nje, na anaamini haonekani. Atajua nini?

Mkwe akafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nyumba nimeiona. Nzuri."

Kifua kikanijaa! Majirani wamekaa pale, wanasikia. Mzee akaendelea: "Na kidari changu kiko wapi?"

"Ah, baba, mbwa kakimbia nacho."

Mzee akanyanyua fimbo, akamfuata mbwa wetu Jimi kwenye migomba. Neema mbio, akamng'ang'ania koti.

"Babu, usimpige! Wewe hujui, kwa sababu hukuona. Mimi niliona. Inama nikunong'oneze, baba asisikie, ataona aibu."

(Hebu fikirieni! Kajua babu hajui. Kajua mimi nitaaibika. Akili hiyo imeingia lini, na mimi nalala nyumba hiyohiyo?)

Mzee akainama. Neema akanong'ona kwa sauti ya dalali: "Kidari kala baba! Chote! Jimi kapewa mfupa tu!"

Majirani hoi. Mke wangu akakimbilia ndani (kicheko nilikisikia mpaka nje). Mzee akashusha fimbo, akanitazama kuanzia kofia hadi kandambili.

"Nyumba ni nzuri," akasema, "na mwenye akili humu ndani nimeshamwona. Ni huyu mjukuu wangu."

Kesho napanda Mkuu kuomba radhi, na mbuzi mzima, kafungwa shingoni jani la sale, lile la kuombea msamaha, kama mila inavyotaka. Mkitukuta njiani, nawaomba, msalimieni mbuzi. Mimi niacheni nipite.