Kidole Kilichopiga Kura

Ijumaa, 4 Oktoba

Kazi hakuna. Mteja mmoja tu, kaniletea kiatu cha kushoto, eti cha kulia bado kizima. Haya, tunashona.

Uchaguzi wa diwani keshokutwa. Mama kanikumbusha tena, utadhani mimi mtoto wa shule. Anamtaka mkunga, maana mkunga kaapa zahanati ya mtaani haiendi popote. Mpinzani wake, mwenye maghala, anakitaka kiwanja cha zahanati aegeshe malori. Mama huchomwa sindano ya sukari pale kila asubuhi. Huenda mwenyewe, akishika kuta. Hospitali kubwa ni mbali, miguu yake haifiki. Nimemwambia atulie, kura yangu haina wasiwasi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kinyozi wa kibanda cha pili kaja na habari. Mama wa mgahawa atatoa chai na mayai bure kesho kwa kila mwenye wino kidoleni, mpaka mayai yaishe. Kinyozi anasema atapanga foleni kabla hakujakucha. Masikini ya Mungu.

Foleni ya nini, na mimi nina chupa ya rangi ya viatu? Rangi yangu na wino wa serikali ni mtu na pacha wake. Nachovya leo, kesho nakula wa kwanza, mchana foleni ikipungua napiga kura kwa raha zangu. Nimeshachovya. Imekolea vizuri. Kichwa hiki kingepata shule!

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekula mayai. Mama wa mgahawa kanisifu mbele za watu kwa kuwahi. Kinyozi kafika na njaa yake, mayai yamekwisha. Nikampa pole kwa kumpungia kidole.

Mchana nikaenda kituoni. Msimamizi hakuhangaika na kitambulisho, alitazama kidole. Akasema nimeshapiga kura. Nikasema bado. Akauliza hiki nini basi. Nikasema rangi ya viatu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikamwomba atazame orodha, jina langu halina alama. Akasema labda nimepiga kwingine kwa jina la mtu, na kama nina hamu ya kulala rumande niendelee kubishana.

Nikatoka mbio. Mafuta ya taa, mchanga, magadi, wembe. Ngozi ikatoka, rangi ikabaki. Na mimi ndiye ninayewaapia wateja kwamba haitoki hata kwa dawa! Niliporudi kituo kimefungwa.

Nyumbani Mama akaona damu. Akauliza huu ni wino gani wa kikatili namna hii. Akanifunga kitambaa safi, taratibu, kama alivyokuwa akinifunga nikiwa mdogo. Nikamwacha aamini ni wino wa kura.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kura zimelingana. Mkunga na mwenye maghala, sawasawa. Wakaokota vikaratasi kwenye kofia, eti ndivyo kanuni inavyosema. Kofia ikampa ushindi mwenye maghala.

Nimeshinda kibandani nashona kiatu kimoja, nikaja kugundua nimeushona ulimi wake pamoja na soli. Kinyozi akaja akakaa nami, macho mekundu. Akasema laiti angepatikana mtu mmoja tu. Nikamwambia watu wa mtaa huu hawana uchungu na kura zao. Nikalisema kwa sauti, wapita njia wasikie.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baraza jipya limeketi, na diwani wetu kawa wa kwanza kunyoosha mkono. Zahanati kwaheri. Leo wametoa vitanda. Mama karudi akishika kuta zilezile, akasema sindano za hospitali atazifuata siku akijisikia. Ninamjua mama yangu. Hatakwenda.

Nikasema nitampakia kwenye baiskeli kila asubuhi. Akacheka, akasema baiskeli yenyewe haina breki. Ni kweli, haina.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumejaribu baiskeli. Tumeishia mtaroni. Mama kasema tusirudie tena.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama hakutoka kitandani leo. Miguu imevimba, maji anayokunywa hayamtoshi. Kinyozi kaenda kutafuta gari, hajarudi.

Kaniita, kanishika mkono. Akakigeuza kidole kwenye mwanga, akakibusu. Akasema wengine walilala siku ile, lakini mwanawe aliamka akampigania. Akasema hata likimfika la kumfika, moyo wake umetulia kwa hilo.

Nikatoka nikalia nyuma ya choo. Nimelia mpaka kifua kinauma.

Nikaamua kumwambia kila kitu. Nikafika hadi mlangoni, mkono juu ya kitasa. Hapo ndipo nikaona rangi imeanza kufifia pembeni mwa ukucha. Atagundua tu kwamba si wino, macho yake bado mazima.

Nimekwenda kibandani, nimefungua chupa, nimechovya tena.