Daktari wa Vipimajoto Afika Bhaktapur

Dambar Khadka alikuwa na boksi zima la vipimajoto vya jikoni, vile vya dijitali, ambavyo hata bure havikupata mtu. Vyote vilizidisha nyuzi tano. Siku moja, akinywa chai Kathmandu, akamwona mpishi akikitukana kipimajoto chake cha bei mbaya: maji yanatokota, nacho kinasema tisini na tano. Mpishi hakujua kwamba huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika mia. Dambar alijua. Akaweka kikombe chini taratibu, kwa heshima zote.

Tangu hapo akawa daktari. Alinunua koti jeupe, akapita jiko kwa jiko akichemsha maji. Cha mteja kikisema tisini na tano, chake kinasema mia kamili, na mteja mwenyewe ndiye aliyesihi wabadilishane na kuongeza kitu juu. Vile vizima Dambar aliviuza kama vizima. Hakuona dhambi hapo, maana alikuwa anaoa, na arusi ni gharama.

Ndipo akafika Bhaktapur kwa Keshari Suwal, muuza mtindi wa vibakuli vya udongo. Mama huyu alikuwa na kipimajoto alicholetewa na mwanawe kutoka Japani, ncha nyembamba kama sindano, namba zinatulia kufumba na kufumbua. Dambar alikitamani palepale. Maji yakachemshwa, vyote viwili vikachovywa.

"Pole, dada," alisema kwa sauti ya msibani. "Hiki kimekufa. Nipe nikakizike, nikuachie changu."

"Masikini, nilivyokuwa nakibembeleza," alisema Keshari. "Keti kwanza unywe chai, mdogo wangu. Umeoa?"

Watu wa kazi ya Dambar hawajibu maswali ya namna hiyo. Lakini chai ilikuwa tamu, na mwanamume anayekaribia kuoa mdomo wake hauna breki.

"Naoa keshokutwa. Binti wa Hom Bahadur, mwanajeshi mstaafu wa Banepa. Mzee mkorofi huyo, dada. Kaapa akiona dalili mbaya hata moja, binti haondoki nyumbani."

Keshari akaigeukia sufuria ya maziwa iliyokuwa ikipoa. "Hom Bahadur wa Banepa? Basi mtindi wa arusi yako ndio huu. Lete hicho cha mia kamili tupimie, nichanganye na mtindi wa jana."

Kwetu mtindi wa arusi usipoganda, hakuna anayeuliza sababu. Watu huanza kukunja majamvi. Dambar akapiga hesabu: chake kikisema tayari, maziwa yatakuwa yamepoa kupita kiasi, na kwa baridi hii yatabaki majimaji. Jasho likamtoka ndani ya koti.

"Dada, tumia tu kile cha zamani."

"Kile maiti?"

"Hakijafa sana."

"Nihatarishe ndoa yako? Hapana." Akakipeleka cha Dambar kwenye maziwa.

Dambar akamshika mkono. "Dada, chako kizima. Huku juu maji huchemka kwenye tisini na tano. Changu ndicho kinachodanganya."

"Ala. Sasa siku nyingine nitakijuaje kizima?"

"Ponda barafu, tia maji kidogo, uchovye. Lazima kisome sifuri. Ukinunua, chagua chenye ncha nyembamba kisichoogopa maji. Hata hivyo usikizamishe kwenye beseni la vyombo. Osha ncha, mwili ufute. Usikiache kwenye mvuke. Ukikiweka muda mrefu, toa betri."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kweli kuhusu vipimajoto tangu avae koti lile. Keshari akamkorogesha maziwa, akambebesha vibakuli, akamfunikisha mablanketi. Kisha akamwambia aache boksi pamoja na vile vizima vya watu ambavyo hajaviuza. Dambar akaacha vyote, akimsihi asimwambie mkwe.

Alipotoweka kichochoroni, Nanimaya, wifi wa Keshari, akashuka ngazi akicheka. "Ulimshtukia saa ngapi?"

"Aliposema kimekufa, halafu akang'ang'ania maiti."

"Na hiyo oda ya Banepa tumeipata lini?"

"Oda gani? Huyo Hom Bahadur ndiyo kwanza namsikia leo." Keshari akainua blanketi, akachungulia. "Lakini bwana arusi kakoroga vizuri. Kesho tumpelekee kibakuli kimoja."