Sonata na Sonara

Jumatatu, 6 Mei

Mama wa mchumba wa binti yangu katualika kwake Jumamosi. Ni mwalimu wa piano. Binti kaniambia, kwa sauti ya kunibembeleza, kwamba Mkwe anapenda mno sonata, na angefurahi tukizungumza habari hiyo. Hilo tu? Sonara nani asiyemjua! Nimeazima hereni za dhahabu kwa jirani yangu, Msusi. Kubwa kama vitasa. Masikio yanawaka moto, lakini mwanangu haaibiki kwa ajili yangu.

Jumatano, 8 Mei

Binti kanikuta nasugua hereni kwa majivu. Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kumbe sonata ni muziki mrefu usio na mwimbaji, umegawanyika kama nyumba yenye vyumba. Chumba hiki watu wanakimbia, kile wanatembea polepole. Kaniwekea kwenye simu somo la wanaoanza. Nimelisikiliza nikishona. Muziki mbio, mguu wangu nao mbio kwenye cherehani. Ukatulia, nami nikatulia, nikaelea. Nilipozinduka, sketi ya mteja ilikuwa imeshonwa juu na chini. Haina pa kuingilia.

Ijumaa, 10 Mei

Msusi anasema wajuzi wa muziki hufumba macho, huinamisha shingo, hushusha pumzi mara moja tu. Kisha akaongeza kwamba nitaumbuka, cherehani na piano wapi na wapi. Nikamjibu vyote vina kanyagio. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Tatizo, nikifumba macho sijioni.

Jumamosi, 11 Mei

Sebule ya Mkwe. Piano nyeusi, pazia jeupe linapumua dirishani. Mkwe kaketi, kaanza sonata. Nikafumba macho. Nikashusha pumzi, moja. Chumba cha kwanza salama. Cha pili kikaja taratibu, kama maji ya vuguvugu miguuni. Nikamwona marehemu mama anaanika mashuka, na binti yangu, mdogo, anampa vibanio. Wawili ambao hawakuwahi kuonana. Hakuna mwenye haraka.

Nikazinduka. Kimya. Nikapiga makofi, kwa nguvu, peke yangu. Kumbe hajamaliza, ni kituo tu kati ya chumba na chumba. Binti kainamisha uso. Nikajua nimemharibia.

Mkwe kageuka, kaniuliza nilikuwa nimefika wapi. Uongo wote nilioupanga ukanikimbia. Nikamweleza mashuka. Kaweka mikono mapajani.

"Mkwe wangu," kasema, "miaka thelathini naupiga huu, na wewe ndiye wa kwanza kuniambia mle ndani mna nani."

Akakirudia chumba cha pili. Binti kanilalia begani. Safari hii sikusinzia. Sana.

Jumapili, 12 Mei

Mkwe kapiga simu: mwezi ujao atatupigia fuga. Binti akataka kunieleza fuga ni nini. Nikamkatiza. Hapo sihitaji somo, mimi nimefuga tangu utotoni! Nimeshaazima tenga kwa Msusi. Kuku wanne watatosha, au nimpelekee na bata?