Kirungu cha Marehemu Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Mzee amefariki. Msimamizi wetu wa nyumba ya vioo kwa miaka thelathini na mmoja. Nimelia sana. Saa saba nikakumbuka kwamba cheo chake sasa kiko wazi. Baada ya hapo nikalia kidogo tu. Miwani, mwenzangu wa kazi, amelia mpaka jioni. Mjanja sana yule!

Mkurugenzi wa chuo amesema atakayerithi nafasi ni yule anayemjua vizuri Kirungu. Ndivyo tunavyouita ule mmea wa kona yenye baridi: hauna ua, hauna mbegu, unatambaa tu na kuinua virungu viwili viwili vyenye unga wa manjano. Chuo kizima kina mmoja. Atatusikiliza keshokutwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimelichukua daftari la Mzee kabla Miwani hajaliona. Kurasa hamsini! Za mwanzo ni udongo, kivuli, miaka. Nimeziruka. Za mwisho ni matumizi, na hizo ni tamu. Wafamasia wa zamani waliupaka unga huo kwenye vidonge visigandane. Wakunga waliwapaka watoto wachanga waliochubuka. Ukiupuliza kwenye moto, unalipuka puu! Kesho Miwani atanikoma.

Jumatano, 5 Machi

Nilianza vizuri. Nikajipaka unga kidoleni, nikakizamisha kwenye bilauri ya maji, nikakitoa kikavu. Mkurugenzi akapiga makofi. Ningeishia hapo. Nikawasha mshumaa, nikapuliza unga. Sikujua kwamba ameinama aone vizuri. Nyusi moja imekwenda. Ya pili ipo ipo tu.

Miwani hakuonyesha lolote. Alisema tu Mzee alimwagiza ammwagilie Kirungu kwa maji ya mvua peke yake, akachukua kopo akaenda kumwagilia. Kujikosha huko! Mkurugenzi, kitambaa usoni, akasema ataamua baada ya mazishi, na kwamba atamsikiliza mjane.

Alhamisi, 6 Machi

Mjane! Kwa nini sikuwaza? Ukurasa wa arobaini na nne: zamani watu waliusokota mmea huu kuwa mashada, na hukaa kijani wiki nyingi. Nimefunga mlango. Nimekata. Shada likawa jembamba, nikang'oa na mizizi. Saa tatu nzima za kusokota. Katikati nikamkumbuka Mzee akinifundisha kushika mkasi, akiniita mwanangu, nikashindwa kuona ninachosokota. Hilo halikuwa mbinu. Liandikwe.

Ijumaa, 7 Machi

Mazishi. Shada langu lilikuwa zuri kuliko yote. Mama, mjane wa Mzee, akalitazama muda mrefu. Akaniuliza taratibu majani yale nimeyatoa wapi. Nikamwambia, kwa fahari. Akatafuta pa kukaa.

Akanisimulia kwamba Mzee aliupanda unga ule chunguni, badala ya mbegu, mwaka aliozaliwa binti yao. Kwa miaka saba chungu hicho hakikutoa kitu. Binti alifariki akiwa na mitano, hajaona hata jani. Mama alikuwa akimtania mumewe kwamba anamwagilia udongo. Baada ya hapo akaacha kumtania. Mwaka wa nane kikachomoza kijani kidogo, wakakaa wote wawili chini wakikitazama. Mpaka siku zake za mwisho, kitandani, Mzee aliuliza kila asubuhi kama kimemwagiliwa.

Kisha Mama akasema basi, Mzee amekwenda nacho. Akanishika mkono. Afadhali angenizaba kofi.

Miwani amepewa cheo. Nilimpa mkono. Akaupokea bila kunitazama.

Jumapili, 9 Machi

Mfuko wa koti umebaki na unga, kama kijiko kimoja hivi. Hatimaye nimezisoma zile kurasa za mwanzo. Miaka saba chini ya udongo, gizani, bila kuonekana. Nimelia tena, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuniona.

Lakini Mzee alikuwa mtu wa polepole. Hata kikombe cha chai kilimchukua nusu siku. Na maji yenyewe ya mvua, ya baridi! Mimi nimeupanda unga wangu chunguni kwa maji ya moto, na mbolea mara tatu ya kipimo. Unga umeelea juu, unakataa kulowa. Utazoea. Chungu nimekiweka karibu na jiko.

Nimeshamtumia Mama ujumbe: aje Jumamosi, atakikuta kimeota.

Nimechungulia mara nne. Bado.